Barua ya wazi kuhusu kupima mabaki ya viuatilifu katika maji ya Dodoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mkemia Mkuu wa Serikali, na Wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA), Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na Bodi za Maji za Bonde la Wami/Ruvu na Bonde la Kati.

YAH: OMBI LA KUPIMA MABAKI YA VIUATILIFU KATIKA VYANZO VYA MAJI VYA MKOA WA DODOMA

Waheshimiwa,

Naandika barua hii nikiwa mkazi wa Dodoma na mtu niliyesomea kemia, kuomba jambo moja: kwamba maji tunayotumia katika mkoa huu, yawe ya visima virefu vya Makutupora, ya mabwawa na malambo, au ya visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo wakati wa kiangazi, yapimwe mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, magugu na magonjwa ya mimea, kwa ratiba inayofuata msimu wa kupulizia na msimu wa mvua, na kwamba majibu yatangazwe yakiwa na maelezo ya kutosha ili mwananchi ayaelewe. Siandiki kwa kuwa nina ushahidi kwamba maji yetu yameharibika. Naandika kwa sababu mahali ambapo dawa hupuliziwa kila mwaka juu ya ardhi inayopokea maji ya kunywa, usalama wa maji hayo unapaswa kuthibitishwa kwa vipimo.

Cheti cha maji ambacho wengi wetu tumezoea kukiona, kile kinachoambatana na kisima kipya cha kijiji, kina mambo ya maana sana: uchachu, chumvi, ugumu, floridi, naitreti, chuma na bakteria wa kinyesi. Kwa ukanda wetu wa kati, ambako maji ya ardhini mara nyingi huwa na chumvi nyingi, na baadhi ya maeneo yana floridi inayochakaza meno ya watoto, hakuna anayeweza kuvibeza vipimo hivyo. Hata hivyo hakuna hata kimoja kati yake kinachoweza kuonyesha kiuatilifu. Maji yanaweza kuvuka vipimo vyote hivyo, yakawa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha ngeni, huku yakiwa na kemikali ambayo hakuna aliyeitafuta.

Ugumu wa kuitafuta unatokana na udogo wa kiwango chake. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) kwa kila kiuatilifu katika maji ya kunywa, na mikrogramu 0.5 kwa viuatilifu vyote kwa pamoja. Gramu moja tu ya kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi ndani ya dawa, ikisambaa sawasawa katika maji ya maboza elfu moja yenye lita 10,000 kila moja, inatosha kuyafikisha maji yote hayo kwenye kikomo hicho cha 0.1. Gramu hiyo moja inaweza kuwa ndani ya nusu lita ya mchanganyiko wa mankozebu (dawa ya ukungu) iliyobaki kwenye bomba la mgongoni, ambayo mkulima huimwaga anaposuuza bomba lake kandokando ya lambo. Simlaumu mkulima huyo, kwa sababu mara nyingi lambo ndilo chanzo pekee cha maji ya kuchanganyia dawa na ya kusuuzia bomba, na hajajengewa mahali pengine.

Ni haki pia kusema kwamba kikomo cha Ulaya ni cha tahadhari na hakikupangwa kwa kufuata ukali wa kila kemikali. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka viwango vinavyofuata madhara kwa afya, na vinatofautiana mno: mikrogramu 30 kwa lita kwa kloripirifosi (dawa ya wadudu), mikrogramu 1 kwa DDT, na mikrogramu 0.03 kwa aldrini na dieldrini kwa pamoja. Kwa hiyo maabara ikikuta mabaki ya kiuatilifu haimaanishi kwamba kijiji kimelishwa sumu, na sitafurahi barua hii ikitumiwa kuwatisha watu wasinywe maji ya bomba na kukimbilia maji ya madimbwi. Lakini hatuwezi kupanga kitu katika ngazi ya hatari wakati hatujui ni kipi kimo na ni kiasi gani.

Naomba niwarudishe Makutupora, kwa sababu hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, limekuwa tegemeo la Dodoma kwa miongo mingi, na rekodi ya kina cha maji yake, iliyotunzwa tangu miaka ya 1950, ni miongoni mwa rekodi ndefu za aina hiyo katika Afrika ya kitropiki. Rekodi hiyo imewaonyesha watafiti kwamba hazina ile ya ardhini haijazwi kidogo kidogo na mvua za kila mwaka. Hujazwa hasa na vipindi vichache vya mvua kubwa, na ujazo mkubwa kuliko wote ulitokea wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997/98. Maji hayo hushuka ardhini kupitia mchanga wa makorongo yanapofurika.

Sasa tuweke jambo hilo pamoja na kilimo chetu. Mvua za Dodoma huanza kwa kawaida Desemba na kuisha Aprili. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zao linaloiva mwanzoni mwa mwaka hukua ndani ya mvua hizo hizo, wakati ambapo unyevu huleta ugonjwa wa ubwiri vinyoya na mkulima hulazimika kupulizia mara kwa mara asije akapoteza kila kitu. Wakati huo huo mahindi yanapuliziwa kwa ajili ya viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017, na nyanya kwa ajili ya mdudu kantangaze. Mvua inayotujazia hazina ya maji ndiyo hiyo hiyo inayosafisha majani na udongo wa mashamba, na hupita kwenye makorongo yale yale. Sisemi kwamba dawa zimefika kwenye visima virefu. Udongo una uwezo mkubwa wa kuzinasa na kuzivunja, na kina kirefu ni kinga. Ninachosema ni kwamba njia ipo, na kwamba sampuli iliyochotwa Septemba, makorongo yakiwa makavu, haiwezi kutuambia kilichopita humo Januari.

Kwa maji ya juu ya ardhi hali ni ya haraka zaidi. Mahali pengi duniani ambapo mito ya mashambani imefuatiliwa, viwango vya juu vya viuatilifu huonekana ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa za kwanza zinazofuata upuliziaji, kisha hushuka. Mchukua sampuli akifika baada ya wiki mbili atakuta kidogo au asikute kitu, na ataandika ukweli mtupu ambao hata hivyo utapotosha. Ndiyo maana naomba ratiba ifuate mvua: sampuli zichukuliwe kwenye makorongo na mabwawa mara tu baada ya mvua kubwa za mwanzo, zirudiwe katikati ya msimu, na visima vifuatiliwe kwa miezi mingi zaidi kwa kuwa maji ya ardhini hutembea polepole. Kwenye mabwawa vinaweza pia kuzamishwa vinasio maalumu vinavyokaa majini kwa majuma kadhaa vikikusanya kemikali kidogo kidogo, ili kilichopita usiku wa mvua nacho kiache alama.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito sawa na la kwanza, ni kuchagua cha kutafuta. Hakuna kipimo kimoja kinachoonyesha viuatilifu vyote. Maabara hutafuta kilichomo kwenye orodha yake, na orodha nyingi duniani zilijengwa juu ya viuatilifu vya zamani vyenye klorini, kama DDT, dieldrini na lindani. Hizo hazipaswi kuachwa, kwa kuwa hudumu miaka mingi. Udongo wa Vikuge, wilayani Kibaha, ambako shehena ya viuatilifu chakavu ilihifadhiwa vibaya, ulikutwa na mabaki ya DDT na HCH (jamii ya lindani) muda mrefu baada ya ghala lenyewe kuharibika. Lakini mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hapulizii DDT.

Mfano ulio karibu nasi ni mankozebu. Ikishaingia majini huvunjika ndani ya siku moja au mbili, hivyo anayeitafuta mankozebu yenyewe kwenye maji ya bwawa karibu hakika hataikuta. Inapovunjika huacha etilinithiourea, ETU kwa kifupi, ambayo huyeyuka sana majini, haishikwi vizuri na udongo, na katika majaribio ya wanyama imeonekana kudhuru tezi ya thairoidi. ETU haishikwi vizuri pia na vichujio vya kawaida vya maabara, kwa hiyo inahitaji utaratibu wake peke yake. Tukipima viuatilifu katika maji ya mkoa wa zabibu bila kupima ETU, tutakuwa tumeiacha nje dawa ambayo huenda ndiyo inayotumika kwa wingi kuliko nyingine mashambani humo.

Glaifoseti, dawa ya magugu, nayo haiingii kwenye kipimo cha pamoja; inahitaji kubadilishwa umbo kikemia kwanza, au kutumia aina nyingine ya kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali), na pamoja nayo hupimwa AMPA, zao la kuvunjika kwake. Imidaklopridi, inayotumika dhidi ya wadudu wafyonzao na mchwa, huyeyuka na kushuka ardhini kwa urahisi, na ni ya kutafutwa visimani. Lamda-sihalothrini, dawa nyingine ya wadudu, kinyume chake, hukimbilia kwenye tope, na anayechota maji maangavu ya juu ya bwawa hawezi kuiona. Lazima tope la chini lichukuliwe nalo. Kloripirifosi, ambayo mwaka 2025 iliongezwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazodumu katika mazingira, inastahili kufuatiliwa kwa makini hata matumizi yake yakipungua.

Ipo pia fenthioni, sumu ambayo hunyunyizwa kwa eropleni dhidi ya ndege waharibifu waitwao kwelea kwelea. Hakuna anayelima mtama, uwele au mpunga katika mkoa huu asiyejua hasara ya ndege hao, na sikusudii kuomba operesheni hizo zisimame. Lakini kwelea kwelea hulala kwenye vichaka vya miiba na kwenye matete, mara nyingi karibu na maji, na hupuliziwa jioni wanaporudi kulala. Fenthioni ikipigwa na jua hubadilika kuwa fenthioni-salfoksidi na fenthioni-salfoni, na hizo lazima ziwe kwenye orodha ya maabara pamoja na fenthioni yenyewe. Mwaka 2025 fenthioni ya kiwango kikali kinachonyunyizwa kwa eropleni iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaotaka nchi kupeana taarifa kabla ya kununua na kuuza kemikali hatari. Naomba Wizara ya Kilimo iwape wataalamu wa maji tarehe na mahali pa kila upuliziaji kabla haujafanyika, ili sampuli za maji ya jirani zichukuliwe kabla, siku inayofuata, na baada ya mvua ya kwanza.

Kwa ujumla orodha ya kutafuta itengenezwe kutokana na kile kinachouzwa. TPHPA husajili viuatilifu, maduka ya pembejeo yana kumbukumbu za mauzo, na maafisa ugani wanajua kinachopuliziwa katika kila kata. Taarifa hizo zikikaa upande wa kilimo na mashine zikakaa upande wa maji na maabara, kila upande utafanya kazi yake vizuri na bado tutakosa jibu.

Kuhusu uchambuzi wenyewe, nitaeleza kwa kifupi kwa ajili ya wananchi watakaosoma, maana Mkemia Mkuu hahitaji kufundishwa. Maji huchotwa kwenye chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, kwa kuwa mwanga huvunja baadhi ya kemikali na plastiki hufyonza nyingine. Yakiwa ya bomba, huongezwa sodiamu thiosalfeti kidogo ili klorini isiendelee kuharibu kinachotafutwa. Chupa husafirishwa ndani ya barafu, na maji hupitishwa kwenye kichujio maalumu kinachonasa kemikali ndani ya siku chache, kwa kawaida zisizozidi saba. Kemikali zilizonaswa huondolewa kwa kiyeyushi, kisha kiyeyushi hupunguzwa kwa kupuliziwa nitrojeni mpaka kilichokuwa katika lita moja ya maji kimekaa ndani ya mililita moja, yaani kimekolea mara elfu moja. Hapo ndipo kromatografia ya gesi au ya kimiminika hutenganisha kemikali moja moja kwa muda wake wa kutoka, na spektromita ya tungamo huitambua kila moja kwa vipande vyake.

Mashine peke yake haitoshi. Pamoja na sampuli za kijijini lazima zipimwe chupa za maji safi zilizosafiri safari hiyo hiyo, ili ijulikane kama uchafu uliingia njiani. Na baadhi ya sampuli ziongezewe kiasi kinachojulikana cha kiuatilifu, ili ionekane maabara imerudisha asilimia ngapi. Kwa kawaida inayorudi kati ya asilimia 70 na 120 hukubalika. Maji ya makorongo yetu huwa na tope jingi jekundu linaloshika kemikali na kuziba vichujio, kwa hiyo utaratibu uliojaribiwa kwenye maji maangavu ya nchi nyingine lazima uhakikiwe upya kwa maji ya hapa. Hii ni kazi ambayo wanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kuifanya vizuri wakiwa chini ya usimamizi wa maabara za Serikali, na sioni sababu ya sampuli za Bahi na Chamwino kusubiri mtafiti kutoka mbali.

Naomba sasa niseme kuhusu majibu, kwa sababu hapo ndipo mwananchi huachwa gizani kwa urahisi. Ripoti ikiandika kwamba kiuatilifu hakikubainika, inapaswa kusema pia kilitafutwa kipi, kwa kikomo gani cha ugunduzi, katika sampuli ya tarehe gani, na ilikuwa baada ya mvua au wakati wa ukame. Maabara isiyoweza kuona chini ya mikrogramu 5 kwa lita itaandika kwamba haikubainika kwenye maji yenye mikrogramu 4 za dieldrini, ambazo ni zaidi ya mara mia moja ya kiwango cha WHO. Majibu yabandikwe kwenye ofisi za kata na za jumuiya za watumia maji, kwa Kiswahili, yakiwa na kiwango kilichokutwa na kiwango kinachoruhusiwa vikiwa bega kwa bega.

Jambo hili ni la dharura kwa sababu ushauri tuliozoea kuupata hausaidii hapa. Kuchemsha maji huua vimelea, lakini hakuondoi viuatilifu vingi, na maji yanapopungua sufuriani kilichobaki kinaweza hata kukolea. Klorini, ambayo ni ya lazima kwa ajili ya kipindupindu, hubadilisha kloripirifosi kuwa kloripirifosi-oksoni, ambayo ni kali kuliko mama yake. Kinachosaidia ni mkaa amilishi, yaani mkaa uliotayarishwa ili unase kemikali, kwenye mtambo wa kusafishia maji, na hakuna mamlaka itakayowekeza kwenye mkaa huo bila kujua kama unahitajika. Kinachosaidia zaidi ni kulinda chanzo: sehemu ya kuchanganyia dawa na kusuuzia mabomba iliyojengwa mbali na maji, ukanda wa nyasi kati ya shamba na korongo, na kukusanya chupa tupu za dawa, ambazo leo mvua huzikokota mpaka mabwawani.

Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950, lingefaa kuwa mahali pa kuanzia. Linapokea maji kutoka upande wa jiji na mashambani, bustani za mboga na zabibu zimelizunguka, na samaki wake huliwa majumbani mwetu. Hapo maji, tope na samaki vinaweza kupimwa kwa pamoja. Sehemu ya pili iwe Makutupora, kwenye makorongo yanayoijaza na kwenye visima vyenyewe. Ya tatu iwe Mto Bubu, kwa kuwa Serikali imepanga Bwawa la Farkwa wilayani Chemba kuwa chanzo cha maji cha jiji hili, na hali ya maji ya mto huo inapaswa kujulikana kabla bwawa halijajaa, ili miaka ijayo tuwe na cha kulinganisha nacho.

Mvua zinazokuja zinatarajiwa kuanza Desemba. Naomba kabla ya hapo ofisi zenu zikae pamoja, zikubaliane orodha ya viuatilifu na mazao ya kuvunjika kwake, vituo vya kuchotea, na maabara itakayopima. Na watakaochota wawe tayari na chupa zao siku korongo la kwanza litakaposhuka. Mimi na wenzangu tuliosomea kemia hapa Dodoma tuko tayari kujitolea katika kuchota sampuli na kutunza kumbukumbu, tukiitwa.

Naomba kuwasilisha.

Mkemia na mkazi wa Dodoma